Jirani wa Mashine Aliyenichongea

Mimi sipendi mtu anichongee, na yule mama alinichongea kwa daktari nikiwa nimefungwa kwa mashine, siwezi hata kuinuka nimjibu vizuri.

Figo zangu zilipogoma nilianza kutoka Kitengela kwenda Kajiado kusafishwa damu, na kiti chake kilikuwa kando ya changu. Ni mama wa Kimaasai, muuza ng'ombe, mwenye sauti ya mnadani ambayo ugonjwa haukuipunguza hata kidogo.

Wakati huo nilikuwa nimeisha. Ngazi za plot tunapokaa zilinishinda, nikawa nasinzia hata nikimenya viazi. Nilikuwa nadungwa sindano ya kuongeza damu, na bado damu inashuka. Daktari, binti mpole asiyependa kukisia, akaniambia ikishuka tena itabidi niongezewe damu ya mtu. Hapo ndipo moyo wangu ulipokatika. Mdogo wangu wa kike alikuwa amejitolea kunipa figo yake, tunangoja tu vipimo vya mwisho, na damu ya kuongezewa inaweza kuufundisha mwili kukataa kiungo cha mwingine. Nikipewa damu, huenda figo ya dadangu ikanipita. Nisipopewa, huenda nikafa nikiingoja. Niliogopa sana, na mimi nikiogopa huwa mkali. Nyumbani walikuwa wananipita wakinyata.

Siku hiyo daktari aliniuliza kama natokwa na damu mahali, kama nala vizuri, kama kuna kitu kimebadilika. Nikajibu hapana kwa yote. Muuza ng'ombe akakohoa.

"Daktari, huyu anakula mawe."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa natafuna odowa, yale mawe laini ya udongo ambayo kina mama wajawazito hununua sokoni. Mfuko ulikuwa chini ya blanketi. Nilificha kwa sababu mwanamke mwenye wajukuu akionekana na odowa, Kitengela nzima itauliza baba ni nani. Nikamwambia yule mama ashughulike na ng'ombe wake.

"Si ndio nashughulika," akasema. "Ng'ombe akianza kulamba udongo, sisi hatumpigi. Tunauliza amekosa nini."

Daktari hakucheka, wala hakunikaripia. Alivuta kiti akaniuliza hamu hiyo ilianza lini. Akasema mara nyingi ni dalili kwamba mwili umekosa madini ya chuma, na sisi watu wa mashine tunayapoteza kidogo kidogo, kwa damu inayobaki kwenye mipira ya mashine na ile inayotolewa ya kupima. Ile sindano yangu ilikuwa fundi aliyeitwa kujenga bila simiti. Akaagiza vipimo viwili. Cha kwanza, cha chuma ambacho mwili umeweka akiba, kilirudi kikionekana sawa, nikavunjika moyo kabisa. Lakini akanieleza kwamba kwa mgonjwa wa figo akiba hiyo inaweza kuonekana nyingi na isiufae mwili, ndiyo sababu hakutegemea kipimo kimoja. Cha pili, cha chuma kinachosafiri kwenye damu, kilikuwa chini sana.

Nikawekewa chuma kupitia mashine, na odowa nikakatazwa. Damu ikapanda polepole, yenyewe, bila ya mtu mwingine. Siku niliyofika juu ya ngazi nikiwa bado na pumzi ya kugombana na mpangaji wa juu, niliingia chumbani nikamshukuru Mungu nikilia. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio cha msiba wangu kilikuwa kimeshakaribia.

Leo niko na figo ya dadangu. Kabla ya kwenda kuwekewa, niliogopa kumwambia yule mama, kwa sababu wanawe wote walipimwa na hakuna aliyefaa kumpa. Nikamwambia ashe oleng, asante sana kwa Kimaa chao, na kwamba siku yangu ya kuwekewa figo imefika. Akanishika mkono.

"Nenda," akasema. "Mmoja akitoka hapa, sisi wengine tunapata nguvu ya kurudi kesho."

Bado namtembelea siku zake za mashine. Nakaa naye mpaka afunguliwe, nikiangalia damu yake ikizunguka kwenye ile mipira, na kimoyomoyo namwomba Mungu ampe mtu.