Jeep nyeupe ya bati

Munisamehe mwandiko mubaya na makosa. Niliishia shule ya primaire, na ninaandika polepole.

Tangu utoto, hapa Nguba kando ya ziwa, ninatengeneza magari madogo kwa bati za maziwa na waya. Ninayo arobaini na moja. Kila moja ni mufano wa gari nililoliona barabarani, pamoja na mikwaruzo yake na namba yake nyuma. Bila namba, kwangu gari halijaisha.

Juzi watu wenye bunduki waliingia kuomba maji. Mumoja akachukua jeep nyeupe kwenye kabati. Niliiga ile ya jirani yetu, ambaye mwezi uliopita alichukuliwa pamoja na gari lake na hajarudi.

“Petit, nani alikutuma kuandika namba hii?”

“Hakuna, tonton. Ni muchezo tu.”

Akacheka. “Basi tengeneza na yetu. Tutaipitia siku ya yenga, mukitoka kanisani.”

Maman anataka niyatupe magari yote ziwani. Lakini wakirudi wakakuta kabati tupu, watauliza sababu. Nimeshakata bati ya jeep yao, imebaki namba. Ninyi munaotengeneza magari kama mimi, niandikieni upesi: niiweke hiyo namba, ao niiache?