Wigi la Bosi

Mbwa wa shangazi yangu aliwahi kuvaa wigi.

Cheka, nakuruhusu. Ila wigi lile nililishona mimi, kwa mikono yangu hii, na mpaka leo nikilikumbuka natamani ardhi ipasuke nijifukie.

Ngoja nianze vizuri.

Mimi ni msusi. Saluni ninayofanyia kazi ni ya shangazi, dada yake baba, aliyenilea tangu wazazi wangu walipofariki. Kila ninachokijua kuhusu nywele nilifundishwa na yeye, nikiwa nimekaa kwenye kistuli kati ya magoti yake.

Shangazi ana mbwa mdogo mwenye manyoya tele ya rangi ya asali. Anamwita Bosi, kwa sababu siku nzima yuko kwenye kiti cha mapokezi, anakagua nani kaingia na nani katoka bila kuaga. Wateja wengine wanamsalimia yeye kabla yangu.

Sasa, jicho moja la shangazi lilishakufa zamani. La pili likaanza kuingia ukungu, ikabidi aende hospitali ya mbali akafanyiwe upasuaji. Asubuhi ya safari akanikabidhi Bosi na maagizo yake.

"Mchane kila siku. Tenga manyoya kidogo kidogo, chanuo lifike kwenye ngozi, usipitishe juu juu. Ukikuta fundo, lifungue kwanza ndiyo umwoshe. Na mashine ya kunyolea isimguse, umenisikia?"

Nikacheka. "Jamani shangazi, mimi nishindwe na nywele?"

"Hizo si nywele za watu, mwanangu. Hayo ni manyoya."

"Nimekuelewa."

Sikuwa nimeelewa kitu.

Ulikuwa msimu wa harusi, saluni imefurika. Bosi nilikuwa nampitishia brashi juu juu kama mtu anayefuta meza, basi. Kwa nje alipendeza kama bwana harusi. Kwa ndani, nyuma ya masikio na mapajani, mafundo yalikuwa yanajisuka yenyewe.

Halafu manyoya yakaanza kutoka. Nikipiga brashi, yanakuja. Akishuka kwenye kiti, kiti kimebaki na manyoya.

"Mpeleke kwa daktari wa mifugo," akasema Mama Pacha, msusi mwenzangu.

"Wa nini? Huu ni ukavu tu. Anataka stimu ya kulainisha."

Ndiyo, umesoma vizuri. Nilimwosha mbwa kwa shampuu ya wateja, nikampaka dawa ya stimu ya wateja, nikamviringisha kwenye taulo la moto. Mama Pacha akaniuliza kama nitambandika na kucha. Nikamwambia aangalie kichwa cha mteja wake.

Nilipofungua taulo nikaishiwa pozi. Maji yalikuwa yameyakaza yale mafundo, yamekuwa kama pamba ya godoro kuukuu. Chanuo halipiti. Nikivuta, Bosi analia.

Nikachukua mashine.

"Wewe!" Mama Pacha akaacha kusuka. "Si shangazi alikataza?"

"Nywele huota, dada."

Sikio la kufa halisikii dawa. Nilipomaliza, Bosi alibaki kama kuku aliyetoka kunyonyolewa, ngozi nje, vipele vyekundu kila mahali. Akakimbilia chini ya sinki na kujikunyata huko. Nilimwita, hakuja. Mbwa ambaye hajawahi kunikimbia.

Hapo ndipo nikampeleka kwa daktari. Akamgeuza, akamwangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Nani kamfanyia hivi?"

"Kuna kinyozi mtaa wa pili," nikajibu. Uongo ulitoka wenyewe, wala sikuutafuta. Nikamweleza na kunyonyoka kwa mwanzo, na shampuu nikamtwika kinyozi huyohuyo.

"Mwambie huyo kinyozi, mbwa wa aina hii wana manyoya ya tabaka mbili, laini chini na marefu juu. Ukimnyoa mpaka ngozi, yanaweza kuchukua muda mrefu sana kurudi. Wengine hayarudi kabisa. Na kule kunyonyoka kwa mwanzo inaelekea alikuwa anapukutisha ya zamani tu. Alitaka kuchanwa."

"Nitamwambia."

"Shampuu ya watu nayo imemwunguza. Mpake hii dawa, na ngozi iachwe wazi ipate hewa."

Siku chache baadaye shangazi akapiga simu, sauti imejaa furaha. Upasuaji umekwenda salama, anarudi nyumbani.

"Jicho bado limefungwa bandeji, kwa hiyo sioni chochote," akasema. "Sijali. Mimi nataka kumpapasa Bosi wangu tu. Huku nilikuwa nalala namuwaza yeye na wewe."

Huyu mama aliniachia kitu kimoja tu cha kutunza. Nitauweka wapi uso wangu?

Ndipo shetani akaninong'oneza: haoni.

Nikachukua fulana ya kichanga. Nikachagua nywele za kushonea zilizo laini kuliko zote dukani, rangi ya asali, nikazishona mstari kwa mstari mpaka fulana ikajaa. Nikazichana na kuzikata zilingane.

"Umerogwa," akasema Mama Pacha. "Unamvisha mbwa wigi?"

"Na wewe hujaona kitu."

"Mimi nimeona. Asiyeona ni shangazi yako, na ndiyo maana unamfanyia."

Niliendelea kushona.

Shangazi alipofika, sebule ilijaa majirani waliokuja kumpa pole. Bosi aliposikia sauti yake alitoka mbio na wigi lake, akarukia mapajani. Majirani wengine walibana midomo wasicheke. Nikawakodolea macho, wakatazama chini.

Shangazi akapitisha mkono mgongoni. Mkono ukafika shingoni, kwenye mshono, ukasimama.

"Eh, Bosi wangu," akasema taratibu. "Umependeza."

Jirani mmoja, mzee asiyejua lolote, akadakia, "Binti yako amemtunza kwelikweli!"

"Najua," shangazi akasema. "Nilimwacha kwenye mikono salama."

Ningeweza kusema pale pale. Badala yake nikavimba kichwa. Nikaanza kuwapa majirani somo: mbwa wa manyoya anachanwa kila siku, chanuo lifike kwenye ngozi, mashine isimguse. Maneno ya shangazi mwenyewe, nayatoa mbele yake kama yangu. Yeye anatikisa kichwa kukubali, huku kidole chake kimoja kikiwa bado kwenye mshono.

Wageni walipoondoka, akanyoosha mkono.

"Niletee kimkasi cha kufumulia."

Nilimletea.

Akafumua wigi lile kwa vidole tu, jicho moja limekufa, jingine limefungwa. Hakuigusa hata kidogo ngozi ya Bosi kwa ncha.

"Huu mshono nilikufundisha mimi," akasema. "Na bado unakaza mno."

Fulana ikaanguka. Chini yake ngozi ilikuwa imechemka kwa joto, vipele vimekuwa vidonda. Vidole vyake vikavipitia kimoja kimoja. Bosi akamlamba kiganja.

Nikapiga magoti. "Shangazi, nisamehe. Nilimnyoa. Nili..."

"Kumnyoa si kitu. Mimi mwenyewe nimeshaharibu vichwa vya watu." Akamvuta Bosi karibu. "Kinachoniuma ni kwamba ulisubiri nisione. Watu baki nimewazoea, wakijua sioni wananirudishia chenji pungufu. Wewe nilikuwa sijakuhesabu huko."

Nililia kwa sauti. Hilo neno sijawahi kupigwa kofi linalolishinda.

"Sogea hapa," akasema.

Nikasogea. Nilidhani ananishika bega. Mkono ukapanda moja kwa moja kichwani kwangu, ukaingia chini ya wigi langu, pale mbele kwenye paji.

Sikukwambia. Mimi kila siku nabadilisha wigi, na wateja husema ndilo tangazo la saluni. Chini yake, kuanzia kwenye paji mpaka juu ya masikio, hakuna unywele. Miaka ya kujisuka kwa kukaza na kushonea juu yake imezimaliza. Hata mume wangu nilikuwa nalala na kilemba asijue.

"Shangazi... umejua lini?"

"Tangu ulipoacha kukaa kwenye kistuli changu. Kila nikikuomba nikusuke, una wateja. Nikajua kuna kitu kichwani hutaki nikishike." Akalivua lile wigi na kuliweka chini, karibu na la Bosi. "Nikasema nitangoja uniambie. Sasa lete hiyo dawa ya Bosi niwapake wote wawili."

"Shangazi, hiyo ni ya mbwa!"

"Na shampuu uliyomwoshea ilikuwa ya nani?"

Nilicheka huku kamasi zinanitoka. Aibu haikuondoka, ila nilikaa kwenye kistuli, kati ya magoti yake. Dawa alimpaka Bosi peke yake. Mimi alinipapasa tu, taratibu, pale palipo wazi.

Siku bandeji ilipofunguliwa, tulikuwa mbele yake mimi na Bosi, wote vipara. Alicheka mpaka daktari wa macho akamkataza, jicho lisije likaumia.

Manyoya ya Bosi yamerudi, isipokuwa mgongoni, pale nilipoikandamiza mashine. Daktari wa mifugo anasema huenda pakabaki hivyo. Wateja wakiuliza, nawaambia ni mimi, si kinyozi wa mtaa wa pili. Kila nikilisema uso unawaka upya. Na mteja akija nywele zake za pembeni zimeanza kukimbia, simshonei. Namvulia kilemba changu aone.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi kilio sikukingoja, niliumbuliwa na vidole vya mtu asiyeona.

Kama una mbwa wa manyoya, mchane mpaka kwenye ngozi. Na kama kuna mtu aliyekuwa anakusuka zamani, na siku hizi unamkwepa, nenda ukakae kwenye kistuli chake.