Oili Chafu kwa Nguzo za Nyumba Yake

Sifa zote ni za Mungu, aliyeniacha nifike umri huu nikiwa bado na macho ya kuona karatasi na kumbukumbu isiyonikimbia. Alichonipa kilikuwa chema, na alichokitwaa kilikuwa chake kabla hakijawa changu. Nimemshukuru asubuhi hii kabla ya chai, na sasa naweza kusimulia habari ya mtungi wa oili chafu.

Katika miaka ya tisini tuliishi mtaa wa Kaloleni jijini, mimi na mke wangu, katika nyumba ya kupanga ya kaunsili ya jiji, yenye chumba kimoja na jiko. Watoto walikuwa wakubwa, kila mmoja na mji wake. Mimi nilikuwa nimestaafu kazi ya kiwandani, na kanisa letu likaniweka kuwa katekista, kufundisha wanaojiandaa kwa ubatizo na kuwatembelea wagonjwa. Wagonjwa walikuwa wamesambaa, wengine Kayole, wengine mtaa wa Fedha, na miguu yangu haikuwa tena ya kijana. Ndipo nikapewa pikipiki ndogo, ile aina isiyo na klachi, ya bluu iliyopauka, iliyoachwa na padri aliyerudi kwao.

Mke wangu alikuwa fundi wa nguo. Alishona sare za shule na kanzu za kwaya, na cherehani yake ilikaa karibu na mlango ili apate mwanga. Siku ya kwanza nilipojaribu kupima oili, niliiegemeza pikipiki kwenye stendi yake ya ubavuni, nikachomoa kijiti cha kupimia, nikaona kikavu, nikaongeza oili. Nilipoiwasha, ilitoa moshi mweupe mpaka majirani wakatoka na ndoo za maji. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba watoto," akasema, "hata mimi nikipima kitambaa huku kimekunjwa, nitamshonea mtu suruali ya mguu mmoja. Isimamishe wima kwanza."

Tangu siku hiyo kupima oili ikawa kazi yetu sote. Jumamosi mchana niliizungusha pikipiki mtaani kidogo ili injini ipate joto, kisha nikaisimamisha wima kwenye stendi ya katikati, nikaizima, tukangoja oili ishuke. Yeye ndiye aliyetoa kitambaa. Hakukubali kitambaa cha rangi. Alikata kipande cheupe kutoka mabaki ya kanzu za kwaya, akakifuta kijiti, akakirudisha, akakitoa tena na kukiweka juu ya weupe ule, kisha akautazama kama mwalimu anayetazama daftari. Ikiwa rangi ni kama chai ya rangi, alisema, "Bado." Ikiwa nyeusi na imepoteza utelezi kati ya vidole vyake, alisema, "Leta karai."

Nami nililala ubavu juu ya gunia, nikalegeza boliti ya chini, na oili ikashuka ikiwa bado moto. Haikufika lita moja, maana injini yenyewe ilikuwa ndogo. Nilipokwisha kukaza boliti, na kukaza kwa kiasi ili nisiharibu meno yake, nilimimina oili mpya taratibu, naye akaimimina ile chafu katika mtungi wa lita ishirini uliokaa nyuma ya mlango wa jiko. Hakumwaga hata tone.

Hapo sina budi kueleza. Kwetu, magharibi, mwanamke aliyeolewa ambaye hana nyumba yake mwenyewe nyumbani kijijini, nyumba ambamo amewasha moto wake, bado ni mgeni hata akiwa na wajukuu. Tulikuwa tumejenga mara moja. Mchwa walizila nguzo kutoka chini, kimya kimya, na msimu mmoja wa mvua nyumba ile ililala upande kama ng'ombe mgonjwa. Kila tulipokwenda nyumbani baada ya hapo, tulilala kwa ndugu yangu. Mke wangu hakulalamika. Ila aliapa kwamba hakuna nguzo yake nyingine itakayoingia ardhini kabla haijanywa oili chafu ya kutosha, kwa kuwa mchwa hawaipendi. Kwa hiyo mtungi ule wa nyuma ya mlango ulikuwa nyumba yake.

Jirani yetu wa upande wa pili, mtu wa Murang'a aliyekuwa na bucha pale Soko la Burma, aliutaka mtungi ule kwa miaka. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye pikapu ya kubebea nyama.

"Mwalimu," aliniita akisimama mlangoni, "leo tena mmemwaga? Nigawie kidogo, mlango wa bucha yangu unalia kama mbuzi."

"Shemeji," mke wangu alimjibu bila kuinua macho kwenye cherehani, "paka mlango wako mafuta ya nyama. Hii ni nyumba yangu."

"Nyumba gani hii ya kukaa kwa mtungi?"

"Ngoja. Siku nikiingia utaniletea mbuzi."

"Wa kununua ama wa kuazima?"

"Huyo wa mlangoni. Si umesema analia?"

Kisha kicheko kilitoka pande zote mbili za ukuta. Nilikuwa mtu tajiri wakati ule, nami nilijua. Namshukuru Mungu kwamba nilijua.

Ugonjwa wa mke wangu ulianza kwa kukosa hamu ya chakula. Baadaye tumbo lilivimba, na daktari akatutuma hospitali kubwa upande wa pili wa jiji, ambako alitakiwa kurudi mara kwa mara kwa matibabu. Nilimbeba kwa pikipiki. Aliketi nyuma yangu amegeukia upande mmoja, leso imefungwa kiunoni, mkono mmoja kwenye koti langu. Alisema upepo unamfanya asahau kichefuchefu. Injini ile ndogo ilibeba watu wawili huku na huku, vumbini na kwenye foleni ya Barabara ya Jogoo, na oili ikawa inachakaa upesi kuliko zamani. Karibu kila tulipopima, kitambaa kilitoka cheusi.

Siku moja, akimimina, alisimama akautazama mtungi. Ulikuwa umepita nusu kwa mbali.

"Baba watoto," akasema, "ugonjwa huu unatujengea."

Nilichukua karai nikalifuta, nikalifuta tena.

Nguzo zilikuwa tayari nyumbani. Ndugu yangu alikuwa amezikata na kuziegemeza kwenye mti zikauke. Lakini alituma neno kwamba ni afadhali tungoje mke wangu apone kwanza, kwa sababu kumjengea mgonjwa ni jambo baya, watu watasema tunamtayarishia mazishi. Nilijaribu kumficha neno hilo, lakini hakuna lililofichika katika chumba kimoja.

"Mwambie ndugu yako," akasema, "sijengewi kwa kuwa naumwa. Najengewa kwa kuwa niliolewa."

Tukapanga kwenda mtungi ukijaa. Oili iliyokuwepo ilitosha nguzo za kuta, lakini yeye alitaka na baraza, kwa sababu hapo ndipo angeiweka cherehani. Nilimwambia gereji za kule barabarani zina oili chafu ya kumwaga, niombe kidogo tumalize. Alikataa.

"Hiyo ya watu sijui imetoka wapi. Hii najua safari zake zote. Hii ya chini ni yule bibi wa Kayole uliyempelekea sakramenti wakati wa mafuriko. Hii ni Fedha, yule mtoto aliyepona. Hii ya juu ni mimi." Akacheka kidogo. "Nataka nyumba inayojua ilikotoka."

Basi tukangoja. Na hapo ndipo nilipoanza kuomba kitu ambacho sijawahi kumsikia mtu mwingine akiomba, kwamba Mungu aifanye oili ya pikipiki ichafuke.

Haikuchafuka. Mke wangu alidhoofika, akawa hawezi tena kukaa juu ya pikipiki. Jirani yetu wa bucha aliosha pikapu yake, akatandika godoro nyuma, akawa yeye ndiye anayempeleka hospitali. Siku ya mvua kubwa alimfunika kwa turubai lake jipya, yeye mwenyewe akalowa kwa kuingia na kutoka. Mimi nilikaa nyuma pamoja na mke wangu. Pikipiki ilibaki imesimama uani. Wagonjwa wa Kayole walitembelewa na wengine.

Jumamosi moja aliomba nimtoe nje. Nilimkalisha kwenye kiti kilichokuwa cha cherehani, nikamfunika miguu. Akaagiza nipime oili. Niliizungusha pikipiki kidogo, nikaisimamisha wima, tukangoja kama zamani. Kitambaa cheupe alikuwa nacho mkononi, alikikata mwenyewe. Nilimpa kijiti. Alikiweka juu ya kitambaa akakitazama kwa muda mrefu.

Oili ilikuwa safi, ya rangi ya asali.

"Bado," akasema, na kwa mara ya kwanza katika ugonjwa wote nikaona machozi yake.

"Naimwaga sasa hivi," nikamwambia. "Nani atatuuliza? Naimwaga hii, natia nyingine, kesho kutwa tuko nyumbani."

"Usimwage oili nzima, Baba. Mtu akimwaga kitu kizima ili kipate kuwa takataka, amemwambia Mungu nini? Ngoja ichafuke. Mimi nangoja."

Jirani alikuwa amesimama mlangoni kwake akisikia. Aliingia ndani akafunga mlango polepole.

Mke wangu alifariki kabla wiki haijaisha, mchana, nikiwa nimemshika mkono. Uso wake ulikuwa mtulivu. Alikuwa ameungama, amepokea sakramenti, amewabariki watoto wetu mmoja mmoja. Sina swali kuhusu mahali alipo. Swali langu lilikuwa dogo na la kidunia. Ataingia nyumba gani? Maana kwetu mwili wa mke haulazwi katika nyumba ya shemeji. Mke hulazwa kwake.

Nilituma habari nyumbani, na ndugu yangu, aliyekuwa amesema tungoje, alilia kwa simu, nami nikalia naye mpaka mwenye duka la simu akaniletea maji. Akasema vijana watachimba mashimo siku hiyo hiyo, mimi nilete oili.

Nilirudi chumbani kwetu Kaloleni, nikalala ubavu juu ya gunia, nikalegeza boliti. Oili ilishuka ndani ya karai ikiwa nzima, inang'aa, naweza kusema nzuri kuliko mpya. Niliitazama na kumwomba mke wangu radhi kwa sauti. Kisha niliimimina mwenyewe katika mtungi, na mtungi haukujaa. Ulibaki na nafasi ya kama viganja viwili.

Nilikuwa bado nimeinama pale jirani alipoingia bila kubisha. Alibeba kidumu cha plastiki.

"Mwalimu," akasema, "hii ni ya pikapu. Nimeibadilisha leo." Akakohoa. "Nilimsikia akisema hataki ya watu. Lakini hii anaijua safari zake. Ni yeye mwenyewe tulikuwa tunampeleka."

Akakaa chini kwenye sakafu yetu, mtu mnene vile, akalia kama mtoto, nami nikakaa karibu naye. Tulipomaliza tulimimina pamoja. Mtungi ulijaa hadi shingoni.

Ni pikapu hiyo hiyo iliyobeba jeneza hadi kwetu, na mtungi, na cherehani. Na mbuzi pia. Jirani alimnunua njiani, akamfunga nyuma. Nilipomwona yule mbuzi nilienda nikaishika kamba yake mimi mwenyewe.

Nguzo nilizipaka mwenyewe. Wazee walisema si kazi ya mfiwa, lakini sikumwachia mtu brashi. Nilipaka kila nguzo kutoka chini hadi juu ya mahali udongo utakapofika, nikangoja inywe, nikapaka tena. Za baraza nilizipaka mwisho, kwa ile oili ya asali na ile ya pikapu, zilizokuwa juu ndani ya mtungi. Watu waliokuja kunipa pole walinishika mikono ikiwa myeusi, na nilipoongoza sala ya jioni mkono wa kanzu yangu nyeupe uliacha kuwa mweupe. Yeye ndiye aliyeishona. Sikuifua.

Nyumba ilisimama hata kabla udongo haujakauka ukutani. Wanawake wa boma letu walimwashia moto katika jiko lake. Alilala kwake usiku mmoja, kisha tukamzika upande unaomstahili mke kwa desturi yetu, mbele ya mlango wake mwenyewe.

Pikipiki niliirudisha kanisani, ikiwa na oili mpya, nimeipima wima. Nilihamia nyumbani baadaye, na ndani ya nyumba hiyo ndimo ninamoandika. Mabati nimebadilisha, kuta nimekandika upya mara nyingi. Nguzo ni zile zile. Mchwa wamekula uzio wa ndugu yangu na mlango wa zizi, wakapanda hata kwenye kabati langu kupitia ufa wa sakafu. Nguzo hawajazigusa. Kila Jumamosi mchana nachukua kitambaa cheupe nafuta vumbi kwenye cherehani pale barazani, kisha nakaa karibu nayo, upande ambao angekaa mgeni wake. Nasikitika, na nashukuru, na sijajifunza kuvitenganisha viwili hivi.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulindie nyumba yako na aliye ndani yake. Akupe kuketi barazani pamoja na umpendaye siku nyingi, na mnachokingoja pamoja akilete mkiwa wawili. Amina.