Nilimlisha Mdogo Wangu Dawa ya Mama, na Hajui Mpaka Leo

Admin, jina langu liweke mfukoni. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo marahaba. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na moja, mjane, nimepanga chumba Mirongo hapa Mwanza. Wanangu wako mbali, simu wanapiga Krismasi. Wiki nzima naongea na redio, tena naibishia kabisa. Mtu pekee anayekuja kula kwangu ni mdogo wangu anayekaa Buhongwa, kila Jumapili baada ya kanisa. Ana miaka hamsini na moja. Nikimkosa huyo, sina mtu mwingine.

Sasa nisikilizeni, na mwenye matusi asubiri nimalize. Alizaliwa mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Sengerema. Tuliacha nyumba na migomba yetu, tukapewa kiwanja kwenye mstari, na mvua zimeanza. Baba alikuwa ameshafariki mimba ikiwa changa. Mama akajifungua pale, kisha akanyamaza. Haogi, hapiki, mtoto akilia anamtazama tu. Shamba la kijiji lilikuwa na daftari la mahudhurio, na mwenyekiti akamsimamisha mkutanoni akamwita kupe, mnyonya jasho la wenzake. Mama yangu, ambaye hata kijiko kilikuwa kizito kwake! Hasira ya siku ile bado ninayo.

Mama mkubwa akamvusha kwa kivuko cha Kamanga hadi hospitali mjini. Akarudi na vidonge vya huzuni, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Jina la dawa ile sikulijua wala silijui. Baada ya wiki kadhaa mama akaamka. Akasuka nywele, akashika jembe, akaniachia mtoto. Nilikuwa na miaka kumi. Akaniambia, "Mwanangu, asilie sana. Wakiniona narudi nyumbani kila saa wataniita kupe tena."

Jamani, yule mtoto alikuwa analia! Nimembeba, nimemwimbia, wapi. Nikawaza kitoto: dawa iliyomrudisha mama itamtuliza na huyu. Nikavunja kipande, nikakisaga kwa kijiko, nikakoroga kwenye uji. Akalala mpaka watu wakatoka shamba. Kesho yake nikarudia, na keshokutwa, ikaenda miezi. Mama akiona vimepungua alidhani amesahau mwenyewe. Wanawake wakanisifu, "Huyu binti anajua kulea, mtoto wake hana kelele." Nikavimba kichwa. Ni Mungu tu aliyezuia asinifie mgongoni.

Alikua mtoto asiyecheza. Mlango ukigongwa anashtuka, na hata leo mezani kwangu anakaa karibu na mlango. Mkewe aliondoka, akasema amechoka kuishi na mtu mwenye hofu isiyo na jina. Ndugu wakasema amelogwa. Nami nikaitikia, Mungu anisamehe, maana ilinifaa.

Mwaka huu daktari mmoja akaongea redioni. Akasema kwenye ubongo kuna kitu kinaitwa serotonini, na kwa mtoto mchanga si cha furaha tu, kinasaidia ubongo wenyewe kujijenga. Dawa za sonona, yaani huzuni kama ile ya mama, zikimfikia mapema, huenda zikabadilisha ujenzi huo, akikua awe na hofu. Akasema mengi wameyaona kwa panya, kwa binadamu hawana hakika, na mjamzito asiache dawa zake bila kumwona daktari. Huenda! Siku ile redio sikuibishia. Niliizima nikakaa.

Mwezi uliopita mdogo wangu akakubali kwenda hospitali, nikamsindikiza. Daktari, binti mpole tu, akasema ana sonona na atamwanzishia vidonge. Akamuuliza, "Baba, umewahi kutumia dawa za namna hii, hata zamani sana?"

Akacheka. "Muulize dada, ndiye aliyenilea."

Wakanigeukia wote wawili. Nikasema, "Hajawahi." Hivyo hivyo, macho makavu.

Tulipotoka nje akanishika mkono. "Dada, naziogopa hizi dawa. Ukisema nimeze, nameza."

Nikamwambia asubiri kwanza. Ziko kabatini kwake, hajazigusa, usiku halali, mchana hana raha. Tunarudi kwa daktari Alhamisi.

Najua mtanielimisha kwamba labda si dawa. Labda ni huzuni ya mama, labda njaa, labda kaumbwa hivyo. Kweli, hata daktari anaweza asijue. Lakini aliulizwa, na mwenye jibu ni mimi, nami nikalimeza. Nikisema, pengine atapata dawa inayomfaa na mimi nimkose. Nikinyamaza, namkosea kuhusu dawa kwa mara ya pili, safari hii nikiwa mtu mzima, na sasa siwezi kusema nilikuwa mtoto. Nimwambie nyumbani, au nimnong'oneze daktari yeye mdogo wangu akiwa nje?

Jumapili iliyopita alikula akashiba, akaweka sahani chini akasema, "Dada, unajua bila wewe ningefia kule kijijini nikiwa mchanga?" Nikamwongezea mboga, nikamwambia ale.

Alhamisi ni keshokutwa. Nishaurini ndugu zangu, naanzaje kumwambia?