Rula Ikifika Katikati

Jirani yangu wa meza, mhadhiri wa hesabu, ana ubao wa pini na nyuzi ukutani. Kila pini ni swali la ndiyo au hapana, na uzi unaunganisha maswali yanayotegemeana. Mgeni akija, yeye husimamisha rula na kuisogeza kushoto kwenda kulia, akihesabu nyuzi inazokatiza. "Tatu. Nne. Tatu. Umeona, ndugu yangu? Haizidi nne." Nyuzi zikiwa chache, anasema, majibu yote yanaenea kwenye mchoro wa ukurasa mmoja; ila kila uzi mmoja unapoongezeka, mchoro unaweza kukua maradufu. Sauti yake ni tamu, tamu mno. Miezi miwili namtazama, maana ripoti yake ya utafiti kuhusu ubao huo inangoja sahihi yangu ya mkaguzi, na kikulacho ki nguoni mwako. Rula ikikaribia katikati, penye msongamano, yeye hukohoa. Kila mara. Kiganja kinatua pale, eti anazuia ubao usitikisike, rula inaruka, hesabu inaendelea.

Jana nikamwambia, "Dokta, leo nishike rula mimi." Akacheka, akanipa. Nikaisogeza polepole. Tatu. Nne. Nilipokaribia katikati sikusikia kikohozi. Kiganja kilikuwa kimeshatangulia.

"Toa mkono, nihesabu."

Hakuutoa. Akautazama mlango, akahakikisha umefungwa, kisha akaninong'oneza kwa sauti ileile tamu: "Ripoti yako ya mwaka jana niliitia sahihi bila kuomba rula."

Nikamrudishia rula yake.