Nilidanganya kuwa redio imemtaja Deo, baba akakanusha mbele ya kijiji kizima

Wakuu, salaam kwenu. Leo sina lawama kwa mtu. Nina kosa langu la wakati wa vita vya Kagera, na nalileta hapa bila chumvi.

Tulikuwa Kaniha, Biharamulo, kijiji cha ujamaa. Redio tuliyokuwa nayo upande wetu ni moja, ya baba yangu. Kila saa saba mchana watu walijaa uani, na taarifa ya habari ikiisha baba aliwageuzia kwa Kisubi, lugha yetu ya nyumbani, maana wazee wengi Kiswahili kiliwapita kando.

Baba hakuongeza neno wala kupunguza. Pale redio ilipokwaruza alisema, "Hapa sikusikia." (Betri tulizianika juani zipate nguvu. Nyie wa power bank chekeni tu.)

Jirani yetu Mama Deo, mwanawe wa pekee alikuwa vitani. Swali lake kwa baba lilikuwa moja.

"Baba Yustina, Deo wamemtaja?"

"Hawataji mtu mmoja mmoja, mama. Wamesema majeshi yetu yamesonga mbele."

"Basi hawajasema habari."

Akaanza kukonda. Nilimpenda sana yule mama, ndiye aliyenifundisha kusuka vikapu. Siku moja akashindwa hata kuja. Nikampelekea uji, akausukuma pembeni. Uongo ukanitoka wenyewe.

"Mama, leo wamemtaja! Deo ni mzima."

Uji akaumaliza wote.

Kesho yake akatokea uani na jogoo, eti zawadi ya redio kwa kumtaja Deo. Wakuu, nilitamani ardhi inimeze.

Baba alinitazama mara moja tu, akaelewa. Nikajua fimbo ipo. Hakunigusa. Alisimama mbele ya watu wote.

"Jana imetoka habari ya uongo nyumbani kwangu. Deo hajatajwa. Naomba mnisamehe."

Nililia kuliko Mama Deo. Yeye akasema, "Basi uwe unasema hivyo kila siku, nisikie jina lake. Na jogoo akae hapa hapa."

Tangu hapo kila taarifa ya baba iliishia hivi: "Na Deo wetu hajatajwa." Watu hawakunyanyuka kabla ya kuisikia.

Vita vilipokwisha, mchana mmoja baba yuko katikati ya habari, Deo huyo! Lori lilimshusha Lusahunga, mwendo uliobaki akaumaliza kwa miguu. Baba akazima redio. Akasimama atangaze.

Mama Deo akamshika mwanawe mkono. "Leo natangaza mimi. Deo amekuja. Chinjeni jogoo."

Nilichojifunza: habari ni watu, na anayewapenda ndiye wa kwanza kustahili ukweli. Baba ametangulia mbele za haki, lakini hadi leo breaking news ikiisha, masikio yangu huwa bado yanaisubiri ile sentensi yake.

Kwenu nani alikuwa anawaletea habari? Karibuni, nawasoma.