Tumbo Lililozoea

Juzi nilikuwa hotelini Makindu nikila muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Meza ya pili aliketi mzungu mwenye mkoba wa safari. Aligusa jagi la maji, akauliza kama ni salama kunywa.

Mhudumu alilinyakua jagi kama aliyeona nyoka ndani. "Hapana! Hiyo ni ya mfereji. Utaharisha safari yote." Akamletea maji ya chupa, tena akaipangusa chupa vumbi kwa aproni.

Kisha akaja kwangu na jagi lile lile, akanijazia glasi.

"Dada, si umesema haya yanaharisha watu?"

Akacheka, akanipiga bega. "Aiya, wewe ni wa hapa. Tumbo yako imezoea."

Imezoea! Basi wale watoto wetu wanaojaa hospitalini kwa kuhara kila mvua ikinyesha, wao ni wageni kutoka nchi gani? Kumbe tunajua vizuri maji ni mabaya, ila tahadhari tunamwekea mtu wa kulala usiku mmoja.

Hasira ilinipanda, lakini aliyeuliza kama maji ni salama alikuwa mgeni. Mimi nimekula pale miaka bila kuuliza, na siku hiyo nilikuwa nimeshamaliza glasi mbili kabla yake kuuliza.